Moteri ya "funga tu itembee" inaua watu: feza kidogo si sababu

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Butembo, Beni, Lubero na pembeni, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu na leo mnaishi kwa watu ao katika kambi, tuseme juu ya jambo moja ambalo kila mtu analiona barabarani na wachache wanalisemea: pikapu za zamani zinazofungwa moteri kwa ujanja, kisha zinapakizwa watu.

Msimamo wangu nausema wazi tangu mwanzo. Pikapu ya zamani inastahili kutengenezwa, haistahili kutupwa. Lakini fundi anayefunga moteri bila kupima, na mwenye gari anayemwambia "funga tu itembee, feza hakuna", wote wawili wanacheza na maisha ya watu wengine. Feza kidogo ni sababu ya kutengeneza polepole na kwa mpango. Si sababu ya kutengeneza vibaya.

Gari hili ni nini kwetu

Mtu wa mbali anaweza kucheka kwamba tunaandika makala nzima juu ya moteri ya Hilux ya miaka 30. Acheke. Mwezi wa 6 mwaka wa 2024, wakati Kanyabayonga na Kirumba vilianguka mikononi mwa M23, familia zilipanda kuelekea Lubero na Butembo kwa miguu, kwa motari, na wenye bahati juu ya magari. Mwezi wa 12 mwaka uleule, vita ilifika Alimbongo. Upande wa Beni, tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014, watu wanakimbia ADF: leo Oicha, kesho Mbau, keshokutwa Eringeti ao Mangina. Mara nyingi gari la kwanza kufika si lile jeupe la shirika. Ni pikapu ya jirani. Asubuhi inabeba viazi na ndizi kwenda sokoni, mchana inabeba magodoro na watoto, usiku inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Ndiyo maana moteri yake si mambo ya mwenye gari peke yake. Ikizimika kati ya Beni na Butembo, kwenye zile kilometa 54, abiria wanashuka na kusukuma. Ikizimika kwenye barabara ya Eringeti kwenda Komanda, kusukuma hakutoshi. Mwezi wa 9 mwaka wa 2021, hata magari yaliyosindikizwa na wanajeshi yalishambuliwa upande ule. Gari linalobaki nyuma ya konvoa kwa sababu maji yanachemka, linabaki na watu wake.

Wengine wanasema barabara mpya itamaliza tatizo. Ni kweli kwamba mwezi wa 6 mwaka wa 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua kule mpakani Kasindi mradi wa kujenga barabara ya Kasindi, Beni na Butembo. Barabara nzuri tunaitaka sana. Lakini barabara nzuri haitengenezi moteri. Inamfanya shofa akanyage zaidi, na moteri iliyofungwa vibaya inavunjika upesi zaidi.

Ujanja wa aina tatu

Ujanja wa kwanza ni kutia segimenti mpya ndani ya silinda iliyochakaa. Gari linatoa moshi wa buluu, linakula mafuta ya moteri, fundi anasema "ni segimenti". Ananunua za bei ndogo, anazitia, moshi unapungua, mwenye gari anafurahi. Baada ya muda mfupi moshi unarudi, mara nyingine mbaya kuliko mbele. Sababu si uchawi. Silinda iliyofanya kazi miaka mingi haibaki mviringo; inapanuka juu kuliko chini, na upande mmoja kuliko mwingine. Segimenti ya mviringo haiwezi kuziba tundu ambalo si mviringo. Na kupima jambo hilo hakuhitaji mashine ya bei: unaingiza segimenti moja ndani ya silinda, unaisukuma na pistoni ili isimame sawa, unapima nafasi ya ncha zake kwa vile visu vyembamba vya kupimia. Unapima juu, unapima chini. Kama nafasi zinaachana sana, silinda imechakaa, na segimenti mpya ni feza iliyotupwa mtoni.

Ujanja wa pili uko kwenye kulase, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Moteri za mazuti za Toyota kama 2L na 3L zinabana hewa zaidi ya mara 22 kabla ya kuwaka. Mahali pa kubana namna hiyo, juenti ya kulase haifanyi mzaha. Lakini tunaona nini? Kulase iliyochemka inarudishwa bila kuwekewa rula ya chuma kuona kama imepinda. Haichunguzwi kama ina ufa. Bulon zinakazwa kwa nguvu za mkono, kila mtu na mkono wake. Na gari likichemka tena, fundi anatoa termosta na kuitupa, ati joto litapungua. Hiyo ni kuvunja saa ili usijue kwamba umechelewa. Kama juenti inavuja ao kulase ina ufa, moto wa silinda unaendelea kuingia ndani ya maji, termosta iwepo ao isiwepo. Utakuja kuujua kwenye mlima wa kupanda Butembo, na mzigo juu.

Ujanja wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu hauonekani. Kusine za vilbreke zimelegea, moteri inagonga kama mtu anayepiga nyundo. Dawa ya haki ni kupeleka vilbreke kwa turneri, kuchonga, na kutia kusine za kipimo kinachofuata. Dawa ya ujanja ni kukata kipande cha bati la maziwa na kukiweka nyuma ya kusine ya zamani ili ikaze. Kelele inanyamaza. Lakini joto halipiti vizuri, tundu la mafuta linaweza kuzibwa, na siku kusine inapozunguka, chuma kinachoshika pistoni kinavunjika na kutoboa moteri ubavuni. Hapo hakuna tena cha kutengeneza. Mwenye gari aliyeokoa feza ya kusine amepoteza moteri nzima.

Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa moteri ni zaidi: usipoziba ufa, hata ukuta hutapata feza ya kuujenga.

Feza kidogo inapangwa

Sasa nasikia jibu la wenye magari: "Wewe unaongea vizuri, lakini vita imekula biashara, njia ya Goma imefungwa, tutoe wapi?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kupima ndiko kunakookoa feza, kuliko kukisia.

Kabla ya kufungua bulon moja, omba fundi apime nguvu ya kubana ya kila silinda. Kwa moteri kama 2L ao 3L, kitabu cha Toyota kinataka kilo 32 kwa sentimeta mraba, isishuke chini ya 20, na silinda zisiachane kwa zaidi ya 5. Kama silinda tatu zina 28 na moja ina 15, ugonjwa uko mahali pamoja. Pengine ni supapu tu, kazi ya kulase, na hakuna haja ya kushusha moteri yote. Angalia pia mafuta kama yamekuwa meupe kama maziwa, na radiateri kama inatoa mapovu wakati moteri inatembea. Hayo yote yanafanyika kabla ya kununua piesi hata moja.

Moteri ikishafunguliwa, oshwa na kupimwa, andika kila kitu kwenye karatasi. Uliza bei katika maduka matatu. Piesi nyingi zinatufikia kwa Kasindi, kutoka Kampala ao Dubai, na bei yake inaachana kutoka duka moja hadi jingine, hata ubora wake unaachana. Kisha gawa karatasi yako sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni vile ambavyo vikivunjika vinaua vingine: juenti ya kulase, kusine, mkanda wa distribisio, pompa ya maji, filta, na mafuta mapya. Hapo usikate hata franka. Mkanda wa distribisio ukikatika, supapu zinagonga pistoni, na kazi yote inaanza upya.

Sehemu ya pili ni kazi ya turneri, na inafuata kipimo. Silinda ikiwa bado nzuri, usiichonge. Hiyo ni feza iliyobaki mfukoni kwa haki. Ikiwa imechakaa, ichongwe, mara nyingi kwa nusu milimeta, na pistoni za kipimo hicho zinunuliwe. Usichonge kwanza kisha utafute pistoni. Tafuta pistoni kwanza, zisije zikakosekana sokoni wakati silinda imekwisha kuchongwa.

Sehemu ya tatu ni vitu vya kungoja ao vya kutumia tena. Supapu nzuri zinasagwa kwa mkono na dawa yake, bila mashine. Pistoni ambayo mifereji yake haijapanuka inarudi kazini. Rangi, viti, redio, taa za kupendeza, vyote vingoje. Inauma kuona pikapu yenye rangi mpya na redio ya kelele, na ndani kusine ya bati la maziwa.

Feza ikikatika katikati ya kazi? Acha hapo. Paka mafuta, funika moteri na nailoni, ngoja likirimba lako lifike. Moteri iliyofunikwa haili chakula. Iliyofungwa nusu inakula mwenye gari na abiria wake.

"Si nitanunua moteri ya okazioni?"

Wengi wanasema hivyo, na mara nyingine wana haki: kama moteri yako imetoboka, njia nyingine huna. Lakini moteri ya okazioni ni mfuko uliofungwa. Inapakwa rangi, inaoshwa, inang'aa, na hakuna anayekuonyesha silinda zake. Ukiinunua bila kupima, umenunua ugonjwa wa mtu mwingine. Ile yako unaijua. Na feza ya kuitengeneza inabaki hapa, kwa fundi wa hapa, kwa turneri wa hapa, kwa kijana anayejifunza kazi.

Kwa mafundi, nanyi naongea kwa heshima. Mnafanya kazi chini ya jua na mvua, na vifaa ni vichache. Lakini ufunguo wa kukaza kwa kipimo na kifaa cha kupima nguvu ya silinda si lazima kila garaji liwe navyo. Garaji tano za avenyu moja zinaweza kufanya likirimba na kununua kimoja cha kuzungushana. Likirimba la kununua motari tunaliweza. Hili litatushinda kwa nini? Na mwenye gari akikuambia "funga tu", kuwa na moyo wa kusema hapana. Jina lako ndilo linalobaki juu ya moteri ile.

Kwa viongozi pia kuna neno. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa 1 mwaka wa 2025, utawala wa jimbo unafanya kazi kutoka Beni. Ofisi ziko karibu nasi kuliko zamani, basi zisikie. Kwenye barieri shofa anaulizwa karatasi, anaulizwa feza. Breki, moshi na joto la moteri haviulizwi. Kila franka inayobaki kwenye barieri bila risiti ni franka iliyotoka kwenye mafuta na filta. Mnataka usalama barabarani? Punguzeni barieri, na zile zinazobaki zichunguze gari, si mfuko wa shofa.

Na ninyi mnaokimbia

Jamaa mliohama, najua siku ya kukimbia hakuna mtu anayechagua gari. Risasi zikilia, unapanda lolote. Lakini siku ya kurudi kutazama shamba, siku ya kupeleka mgonjwa, siku ya kuhamisha vitu, mnayo nafasi ya kuuliza. Mko wengi, mnalipa, na shofa anahitaji feza yenu.

Tazameni moshi wakati gari limekwisha kupata moto: wa buluu usiokwisha unamaanisha mafuta yanaungua; mweupe kama mvuke usiokwisha unaweza kumaanisha maji yanaingia ndani. Sikilizeni kama moteri inagonga. Tazameni kama shofa amebeba vibido vya maji kuliko kawaida. Shofa mwenye vibido vitano anajua jambo ambalo hajawaambia. Muulizeni bila kuogopa: "Moteri hii ilifungwa lini, na nani, na ilipimwa?" Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Kusanyikeni, tafuteni gari jingine, hata kama linachelewa saa moja.

Mwenye gari atabadilika siku atakapoona viti vyake vinabaki bure kwa sababu ya moshi wake. Maneno ya kwenye redio hayatoshi. Abiria anayekataa kupanda ndiye atakayeifungua moteri ile na kuipimisha.