Kifafa kinachoanzia chooni: Tegu wa nguruwe hamchagui mlaji wa kitimoto peke yake

BIASHARA ya nyama ya nguruwe, maarufu kama kitimoto, imeshamiri katika miji yetu. Kila inapovuma habari ya ugonjwa wa mifugo, mjadala wa walaji huishia palepale: je, nyama iliiva au haikuiva?

Swali hilo ni la haki, lakini limeuacha kando upande ulio mzito zaidi. Tegu wa nguruwe, ambaye wataalamu humwita Taenia solium, anaweza kumdhuru vibaya hata mtu ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo maishani mwake.

Nguruwe mwenye maambukizi huwa na vifuko vidogo vyeupe ndani ya misuli. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva sawasawa, tegu hukua katika utumbo wake hadi kufikia urefu wa mita kadhaa, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Mayai hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mzunguko huanza upya.

Hatari kubwa zaidi ni pale mayai hayo yanapoingia kinywani mwa binadamu kwa njia ya mikono isiyonawa, maji machafu au mboga mbichi. Hapo vifuko hujengeka ndani ya mwili wa mtu kama vinavyojengeka kwa nguruwe. Vikifika kwenye ubongo huleta kifafa, maumivu makali ya kichwa na hata kifo.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana New York, Marekani. Mwaka 1992 madaktari walieleza habari za wagonjwa wanne kutoka jumuiya ya Wayahudi wanaoshika sana dini, ambao kamwe hawali nguruwe, lakini walikutwa na vifuko hivyo ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo, ambao huenda walikuwa na tegu tumboni bila kujua. Kwa hiyo, Mwislamu au Msabato asijidanganye kwamba jambo hili halimhusu.

Hapa Tanzania tatizo si geni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza ndimi za nguruwe 770 wilayani Mbulu na kukuta vifuko kwa takriban asilimia 17. Baadaye, katika Hospitali ya Haydom iliyoko wilayani humo, watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za ubongo, na takriban asilimia 18 walionekana na dalili za ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linakadiria kuwa katika maeneo ulikoenea, tegu huyu anahusika na asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa.

Nyuma ya takwimu hizo wako watoto walioachishwa shule, watu walioungua kwa kuangukia motoni na familia zinazotafuta mchawi wakati chanzo kiko nyuma ya nyumba, mahali pasipo na choo.

Kwa nini basi mzunguko haukatiki? Sababu moja ni uchumi. Nguruwe mwenye vifuko mara nyingi huonekana mzima na hunenepa kama wengine. Mfugaji akijua kuwa ukaguzi utamkosesha mtaji wote bila fidia, atamchinja mnyama huyo kwa siri, na nyama itafika sokoni bila muhuri. Kumlaumu ni rahisi, lakini lawama hazijapata kujenga machinjio wala banda.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa majukumu. Nguruwe ni wa idara ya mifugo, mgonjwa wa kifafa ni wa idara ya afya, na choo ni cha halmashauri. Mwaka 2018 Serikali ilizindua dawati la kuratibu Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini kipimo chake ni kijijini, pale bwana mifugo na bwana afya wanapofika nyumba moja siku moja.

Nyenzo zipo. Majaribio ya Cameroon, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa chanjo ya TSOL18 pamoja na dawa ya oksfendazole viliwakinga nguruwe waliopewa. Tegu wa binadamu naye ana dawa, chini ya uangalizi wa daktari. Lakini mfugaji maskini hawezi kubebeshwa peke yake gharama ya chanjo ambayo faida yake kubwa ni ubongo wa jirani yake. Hiyo ni huduma ya afya ya jamii, na ilipaswa kugharamiwa hivyo.

Mlaji wa mjini naye adai nyama iliyokaguliwa na iliyoiva, na anawe mikono. Hata hivyo, usalama wa sahani yake, na wa jirani yake asiyekula nguruwe, utategemea zaidi choo na banda la kijijini.