Pointi si Saa

Leo nina lalamiko, mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu ya watu watano tukiunda programu ya malipo. Tulikadiria kazi kwa pointi, kama timu nyingi za ajaili. Kurekebisha ukurasa wa kuingilia tuliupa 2. Kuunganisha M-Pesa tukakubaliana ni 8. Meneja akatoa kalkuleta: "Pointi moja ni saa nne. Basi hiyo ni saa 32. Ijumaa mteja ataipata."

Hakuipata. Tulikesha siku tatu mfululizo, na mwezi uliofuata mwenzetu mmoja akaacha kazi.

Kosa lilikuwa wapi? Nenda sokoni ushike matikiti mawili. Hujui ni kilo ngapi, lakini lililo zito utalijua mara moja. Pointi ni hivyo hivyo: unalinganisha kazi na kazi, si kazi na saa. Ndiyo maana kadi zinazotumika sana huruka namba: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Kazi ikiwa kubwa, nani atatofautisha 9 na 10?

Mchezo wenyewe wa kadi, Planning Poker, ulielezwa na James Grenning mwaka 2002. Kila mtu huonyesha kadi yake kwa pamoja. Mmoja akitoa 3 na mwingine 13, mnaongea. Huenda huyu wa 13 anajua kwamba jibu la malipo haliji papo hapo, na pengine lisifike kabisa. Faida iko kwenye hayo mazungumzo kuliko kwenye namba.

Na tarehe je? Hesabu mlichokwisha kumaliza. Kama kwa kawaida mnamaliza pointi 20 kila wiki mbili na zimebaki 60, tarajieni wiki sita hivi. Lakini kasi hiyo ni ya timu yenu tu. Bosi akianza kushindanisha timu mbili kwa pointi, kesho 3 itaitwa 5, na hakuna aliyeongeza kazi.

Ron Jeffries, mmoja wa waanzilishi wa Extreme Programming, aliandika mwaka 2019 kwamba huenda yeye ndiye aliyebuni pointi, na kwamba anajuta. Mimi sijafika huko. Mkono unapima vizuri, mradi usiulizwe kilo.

Kwenu kazini mnakadiriaje? Na kalkuleta anayo nani?