Midomo tunaiona, kilichomo koponi hatukioni

Simama upande wa kisiwani wakati feri ya Likoni inateremsha abiria wa asubuhi, utawaona wasichana wa buibui, wa dera, wa suruali na koti la ofisi, na wengi wao midomo imekolea rangi nyekundu. Hakuna anayegeuka kuwatazama. Zamani, na si zamani sana, rangi ile ile ingetosha jirani amvute mama mtu kando na kumuuliza: "Kwani mwanenu kaposwa?"

Swali hilo la jirani limebeba mengi. Katika miji yetu ya mwambao pambo halikuwa aibu. Lilikuwa na mwenyewe na lilikuwa na mahali pake. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, hina na wanja aliviweka pamoja na wajibu wa mke nyumbani kwake. Mwari alikaa bila. Mpaka harusi ikafika, somo akamsinga, akamsugua singo, akamtia hina mikono na miguu, na siku ya kupamba wanawake wakaja kumtazama bibi harusi alivyotoka. Tangu hapo pambo lake lilisema jambo moja tu, kwamba huyu ana mume.

Hata wekundu wa mdomo haukuletwa na kijiti cha dukani. Bibi zetu walitafuna tambuu, jani na popoo na chokaa kidogo, na mdomo ukaiva wenyewe. (Kwamba popoo inasababisha saratani ya kinywa, tumekuja kuambiwa baadaye mno.) Rangi ya dukani ilipoingia, na sinema za Kihindi za Naaz na Regal zikawaonyesha watu namna ya kuipaka, ilikuta nafasi yake imeshaandaliwa. Kwa mke ikawa pambo, kwa msichana ikawa kesi.

Na kesi yenyewe, tukisema kweli, ilikuwa ya pesa. Wasichana wengi hawakuwa na kipato chao. Basi akionekana na rangi ya mdomo, nani kamnunulia? Jirani jibu alikuwa nalo kabla hajauliza. Rangi nyekundu ilisomwa kama risiti, ushahidi kwamba kuna mwanamume mahali fulani aliyetoa kitu na atataka kitu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wengi wanadhani wasichana wamekuwa wajeuri, au kwamba simu imewaharibu. Mimi naona kilichobadilika zaidi ni mfuko. Huyu wa leo anakaa kwenye kibanda cha M-Pesa, anafundisha chekechea, anauza viazi karai kwa oda za WhatsApp, anapamba maharusi. Rangi ya mdomo anajinunulia, na bei yake haimfilisi. Risiti ile haina tena jina la mwanamume, na ndiyo sababu haisomeki tena kama ilivyosomeka.

Wakubwa wenyewe hatujakubaliana tunataka nini. Mjomba anayemwambia mpwa wake akafute mdomo kabla ya kukaa mezani, ndiye huyo atakayepiga simu kila upande kutangaza kwamba msichana kapata kazi kwenye ndege za Emirates, ambako mdomo mwekundu unajulikana kama ile kofia nyekundu, ni kama sehemu ya sare. Rangi ni moja. Kilichoongezeka ni mshahara, na mshahara unaingia nyumbani.

Suala la tabaruji wanazuoni wamelieleza na wanaendelea kulieleza, wala sina la kuwaongezea. Ninachosema ni kwamba katika kubishana juu ya nani apake na atoke nayo wapi, tumesahau kuuliza anachokipaka kimetengenezwa na nini.

Siasa nayo iliwahi kutumbukia humo humo. Dar es Salaam, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 hakuna sketi fupi, hakuna mawigi, hakuna suruali za kubana, hakuna dawa za kujichubua. Tazama orodha hiyo vizuri. Kitu chenye sumu ndani yake kilikuwa kimoja, nacho kikawekwa kapu moja na sketi, kwa kuwa hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Ngozi na figo za watu hazikuwa hoja kubwa. Sketi zikarudi, mawigi yakarudi, na dawa za kujichubua nazo zikarudi.

Leo ziko nasi, tena zinaitwa jina la jikoni, mkorogo. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, linakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata wa zebaki tangu mwaka 2013. Mwaka 2023 nchi za mkataba huo zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kisivushwe mpaka, hata kama kiasi ni kidogo. Karatasi ziko sawa kabisa. Lakini mkorogo unachanganywa chumbani na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi, na mara nyingine ndani yake mna steroidi kali ambazo daktari huandikia wagonjwa wa ngozi kwa siku chache tu. Anayepaka miezi na miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Zebaki nayo haiishii kwa aliyejipaka. Inaingia mwilini ikaharibu figo, inabaki kwenye taulo na mto, na mtoto anayelala kifuani mwa mamake anapata fungu lake.

Wa pili ni piko. Harusi siku hizi haikamiliki bila maua meusi yaliyozunguka hina nyekundu, na mimi sikatai kwamba yanapendeza. Lakini hina haina weusi huo. Weusi unatoka kwenye dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, iliyotengenezwa ipakwe nywele na kuoshwa, wala haikukusudiwa ikauke juu ya ngozi. Ubaya wake ni kwamba inavizia. Mtu anaweza kupakwa harusi tatu asidhurike, ya nne akavimba malengelenge yanayofuata ua moja baada ya jingine, na yakipona yakamwachia kovu la ua lile lile. Mwili ukishaikataa mara moja, umeikataa maisha. Miaka ishirini baadaye atataka kufunika mvi na hataweza. Na mpambaji mwenyewe, anayeishika kila wikendi mikono mitupu, hatari yake tunaijadili wapi?

La tatu linaniuma zaidi, maana anayepakwa hana sauti. Mtoto akizaliwa tunampaka wanja machoni na kwenye nyusi, apendeze na husuda impite. Wanja wa unga unaoletwa kutoka nje, unaouzwa kwa vikopo vidogo, mara nyingi ni jiwe la galena lililosagwa, na galena ni madini ya risasi. Vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimekuta wanja ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Mtoto hujipangusa macho kisha akatia mkono mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua bila kelele yoyote, mpaka shuleni ndipo mwalimu anaona huyu mambo hayamshiki. Atakayesema ithmidi imetajwa katika hadithi yuko sahihi. Lakini kuandikwa ithmidi juu ya kikopo hakuthibitishi kwamba ndani ndiyo hiyo.

Somo wa zamani alikuwa na makali yake, na hakuna msichana wa leo atakayekubali kufungiwa kwa amri yake. Lakini jambo moja alikuwa nalo ambalo sisi hatuna: liwa aliisugua mwenyewe, singo aliitwanga mbele ya macho ya watu, na aliyepakwa alijua anapakwa nini. Heshima zake nyingi tumeziondoa kwa sababu nzuri, na ujuzi huo ukaondoka humo humo.

Kuurudisha si kazi ya KEBS peke yake. Wapambaji wetu ni mabinti wenye biashara, wana wafuasi kwenye TikTok kuliko sisi waandishi, na neno lao kwa bibi harusi lina uzito kuliko tangazo la serikali. Wanaweza kuanza na mambo madogo. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo lisifunguliwe. Krimu yenye neno "mercury" au "calomel", au inayoonya isigusishwe na dhahabu au fedha, ina zebaki, na sijui bibi harusi gani wa Mombasa asiyevaa dhahabu. Hina halisi hutoka na rangi ya chungwa kisha ikaiva kwa siku mbili, kwa hivyo harusi ya Ijumaa mtu atiwe hina Jumatano. Anayeahidi weusi wa makaa kwa nusu saa aulizwe ametia nini, na aulizwe kabla bibi harusi hajanyoosha mkono.