Mgeni Rasmi Kafika, Zima Filamu

Sauti ya mtoto ilikatika katikati ya neno. Pazia jeupe lililotundikwa mbele ya ukumbi likabaki na picha iliyoganda, juu yake vile vijiti viwili vyeupe vya kusimamishia. Kabla watu hawajajua kama ni umeme au ni flashi, mshereheshaji alikuwa ameshashika maiki: "Mabibi na mabwana, naomba tusimame. Mgeni rasmi ameingia."

Watu wakasimama. Mwandishi wa safu hii naye alisimama, maana ndivyo alivyolelewa, lakini hasira aliyosimama nayo Ijumaa ile hajaiweka chini mpaka leo.

Ilikuwa jioni ya ufunguzi wa tamasha dogo la filamu za kuchorwa, hapa hapa Dar es Salaam. Kadi ilisema saa 12:00 jioni. Ilipofika saa 1:00 usiku viti vya plastiki vilikuwa vimejaa, wazazi wamepakata watoto, muuza bisi amepita mara tatu, na meza kuu iko tupu na kile kiti kikubwa cha mgeni rasmi kilichovikwa satini nyeupe, fundo limefungwa mgongoni kama la gauni la bibi harusi. Wasomaji wa siku nyingi wanakijua kiti hicho. Ndicho kilichochelewesha yale mazishi ya Tandika. Ndicho kilichowaanika juani watoto wa mahafali mwaka juzi, na kila kikitajwa hapa simu za chumba cha habari huita hadi jioni. Safari hii kimekutwa kwenye sinema.

Saa 1:10 mshereheshaji alitangaza kwamba wakati tunamsubiri mgeni wetu, watoto wawekewe katuni kidogo wasisumbue, halafu shughuli ianze rasmi.

Katuni kidogo. Kilichowekwa ni *Yellow Fever*, filamu fupi ya Mkenya Ng'endo Mukii, aliyoitengeneza mwaka 2012 alipokuwa akihitimu masomo ya uhuishaji katika Royal College of Art, London. Ni ya dakika saba hivi, na inazungumzia mkorogo: wanawake wanaojichubua, na yale ambayo msichana huambiwa kuhusu nywele na rangi yake tangu hajajua kuvaa viatu mwenyewe. Mukii aliwahoji watu wa familia yake, akiwemo mpwa wake mdogo, akachanganya michoro na miili ya wacheza dansi waliopigwa picha. Mtu yeyote aliyeiona filamu hiyo walau mara moja asingediriki kuiita kitulizo cha watoto. Maana yake ni kwamba waliokuwa na flashi mkononi hawakuwa wameitazama.

Na ukumbi uliielewa kuliko walioandaa. Dakika ya kwanza watoto walicheka, dakika ya pili wakanyamaza, wakawafuata mama zao ambao walikuwa wamenyamaza zamani. Safu moja mbele aliketi dada mmoja, uso wake mweupe wa krimu, viungo vya vidole vyeusi kama vilivyo vya watu wote wa mkorogo. Taratibu alivikunja vidole vile akavifunika na mtandio. Hakuondoka. Aliendelea kutazama, shingo imenyooka, na yule mtoto wa kwenye filamu alipoanza kusema anavyoiona rangi yake, dada yule aliinama mbele kama anayetaka kusikia vizuri. Hapo ndipo walipokata.

Mwandishi wa safu hii amewahi kuona umeme ukikatika kwenye msiba, kwenye mtihani na kwenye fainali. Umeme hauna adabu, na hakuna anayeutarajia uwe nayo. Mtu aliyebonyeza kitufe kile alifundishwa adabu kwao.

Baada ya hapo yalifuata yanayojulikana. Wimbo wa taifa. Utambulisho wa meza kuu, kisha utambulisho wa walioambatana na meza kuu. Risala. Hotuba. Mgeni rasmi, ambaye hakuwa na kosa lolote maana hakuna aliyemwambia alichokikatiza, alisema naye anazipenda sana katuni kwa kuwa wajukuu wake hutazama nyumbani. Akapigiwa makofi. Akapewa picha ya kinyago ndani ya fremu, akapigwa picha, akaondoka kuwahi shughuli nyingine. Kwenye tamasha la filamu alikuja, akakaa, akaondoka bila kuona filamu hata moja.

Projekta ilipowashwa tena, *Yellow Fever* haikuendelea. Iliwekwa filamu nyingine.

Mwandishi alimfuata kijana wa mitambo nyuma ya ukumbi. "Mdogo wangu, mbona hukuendelea pale ulipokatia?" Kijana alimwamkia kwa heshima, akaonyesha karatasi ya ratiba iliyopigwa mistari ya kalamu. "Dada, nimeambiwa muda umekwisha. Fupi zote turuke, twende kwenye ile ndefu." Kwenye karatasi ile filamu fupi tatu zilikuwa zimefutwa kwa mstari mmoja mrefu, aina ya mstari ambao mtu huvuta akiwa ameshapata jibu lake.

Ya tatu kufutwa ilikuwa ya kijana aliyekuwa ameketi kiti cha pembeni kabisa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inang'aa. Kando yake alikaa mama yake, aliyetoka Morogoro kwa basi la mchana. Kila picha ilipobadilika kwenye pazia mama alimgusa goti na kuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ndiyo hii?" Na kijana alijibu, "Bado, mama." Aliuliza hivyo mara nne. Mara ya nne kijana alikuwa ameshaambiwa, lakini jibu lake lilikuwa lile lile.

Filamu yake ni ya dakika tatu. Inamhusu mwanamke anayeuza chai na maandazi alfajiri, na asiyejua ni mama gani aliyechorwa akaangalie tena kiti cha pembeni. Sasa, tuseme ukweli kuhusu dakika tatu. Filamu hupita mbele ya macho kwa picha 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hujipunguzia mzigo kwa kuuacha kila mchoro ukae kwa picha mbili, ndipo ibaki michoro 12 kwa sekunde. Dakika tatu za namna hiyo ni michoro 2,160. Kijana huyu huchora kwenye kishikwambi cha kuazima, usiku, akitoka kazini, na kidole chake cha kati kina sugu ya kalamu kama cha karani wa zamani. Mvuke wa chai peke yake, alisema, ulimla siku tisa, kwa sababu mvuke ukikosea kidogo unageuka pamba.

Siku tisa za mvuke, zimefutwa na mstari wa kalamu ili mtu amalize kusoma risala.

Kisa cha dharau hii kinajulikana, na safu hii haitazunguka mbuyu: watu wanaamini kompyuta ndiyo inayochora. Kitu kikishachorwa, kwa macho yetu hakina mwenyewe. Mwimbaji akikatwa katikati ya wimbo angalau atasimama pale jukwaani na maiki yake, watu wamwone na waone haya. Mchoraji hayupo jukwaani. Jina lake liko mwisho wa filamu, kwa herufi ndogo, na huko mwisho hatufiki.

Halafu kuna hili neno, katuni, ambalo limebebeshwa kila mzigo. Katuni ni ya gazetini, katuni ni ya kwenye televisheni, katuni ni mtu asiye na maana. Lakini hata hiyo ya gazetini ilikuwa lini ya watoto? Chakubanga wa Christian Gregory, kwenye kurasa za *Uhuru* miaka ya 1960 na 1970, alikuwa akisomwa na watu wazima waliokunja gazeti ili bosi asione wanachocheka. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, amewachora wakubwa wa Afrika Mashariki kwa miongo mitatu akiwa Nairobi, na wakubwa hao hawakumchukulia kama mtu wa kuchekesha watoto. Wataalamu wa lugha walitupa neno uhuishaji, lenye kuhuisha ndani yake, yaani kutia uhai. Tumeliacha kwenye kamusi, na mshereheshaji wa tamasha la uhuishaji lenyewe hakulitamka hata mara moja usiku kucha.

Hii haina maana kwamba za watoto ni za kubezwa. *Ubongo Kids* ilipoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, watoto wa mitaa yetu walipata hesabu kwa Kiswahili kutoka kwa wahusika waliochorwa hapa hapa Dar es Salaam, na wapo waliozipenda hesabu kwa ajili ya nyimbo zile. Kazi ya watoto hutaka umakini kuliko ya wakubwa. Mtoto hana subira ya kukusitiri.

Huko Annecy, mji wa Ufaransa ulio kando ya ziwa, wana tamasha la filamu hizi tangu mwaka 1960. Watazamaji wake wana mchezo wao: kabla taa hazijazimwa hurusha ndege za karatasi kuelekea jukwaani, ukumbi mzima, watu wenye mvi kwa wanafunzi. Zikizimwa, ndege zinatua na filamu inapewa heshima yake hadi jina la mwisho. Ujumbe wetu wa utamaduni unaosafiri kila mwaka ungerudi na hilo moja tu, nauli ingekuwa imelipa.

Na filamu ndefu ya Ijumaa ile ilitoka huko huko. *Kirikou et la sorcière* ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, ilichukua tuzo kubwa ya filamu ndefu Annecy mwaka 1999. Ocelot ni Mfaransa aliyekulia Guinea, na muziki wa filamu ile ni wa Youssou N'Dour. Wanawake wake wanatembea kifua wazi kama walivyokuwa kijijini. Wapo wenye fedha waliotaka wavikwe, Ocelot akakataa, ikabaki ilivyo. Kirikou mwenyewe ni kitoto kidogo mno, na kazi yake kubwa ni kuuliza. Kijiji kizima kinamwogopa mchawi Karaba. Kirikou peke yake anauliza kwa nini Karaba ana roho mbaya.

Ilianza saa 3:20 usiku, kwa Kifaransa, maneno ya Kiingereza chini. Nusu ya watoto walikuwa wamelala mapajani. Waliobaki macho walitafsiriwa na mama mmoja wa safu ya kati aliyejitwika kazi hiyo bila kuombwa, akisema kwa sauti ya hadithi, "Sasa anamuuliza mama yake, mjomba yuko wapi?" Hakuna aliyemnyamazisha. Watu walisogeza viti kumfuata. Alikuwa ndiye mtu pekee usiku ule aliyefikiri kwamba waliokuja wamekuja kuona filamu, na ingefaa mwakani yeye ndiye apewe maiki.

Mwandishi wa safu hii alirudi Jumamosi. Hakukuwa na kadi wala mgeni rasmi, na kwenye viti vile vya plastiki walikuwa wamekaa watu wasiozidi 30. Kijana wa mitambo alikuwa peke yake, na bila wa kumwamuru alianza kwa kurudisha zote zilizofutwa. *Yellow Fever* ikaenda mpaka mwisho. Yule dada wa mtandio hakuwepo kuuona.

Ikafuata *Bon voyage, Sim* ya Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waliotangulia kuchora filamu Afrika. Ni ya mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, michoro ya mkono. Sim ni rais wa jamhuri ya vyura. Anasafiri kwa ziara rasmi nchi jirani, anapokewa kwa heshima zote, na akirudi nyumbani anakuta vyura wake wameshamchoka. Babu mmoja wa safu ya nyuma alicheka mpaka akavua miwani. Ilichorwa miaka sita tu baada ya Niger kupata uhuru, na Alassane alikuwa ameshawaona marais wa namna hiyo. Ni ya dakika chache, na hakuna aliyeikata.

Mwisho ikaja ya chai na maandazi. Mama alikuwa amepanda basi la asubuhi kurudi Morogoro, kwa sababu maandazi hayajiuzi. Kijana alisogea hadi mbele, akapanda meza kuu pembeni ya kile kiti ambacho hakuna aliyekumbuka kukivua satini, akaweka begi lake juu yake, akanyanyua simu na kuanza kulirekodi pazia. Mvuke ulipanda kutoka kwenye kikombe ukapotea, haukugeuka pamba. Majina yalipoanza kupanda, la kwanza likiwa la mama yake, mkono ulimtetemeka kidogo, akaushika kwa mkono wa pili, akaendelea kurekodi mpaka pazia likawa jeusi.