Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kulipa

Majuzi tulitoka Mombasa kwenda arusini Malindi, watu wanane ndani ya vani yetu, na nyuma tumepakia masufuria, mikeka na magunia mawili ya mchele. Tulipopita Matsangoni, tairi la nyuma upande wa kushoto lilipasuka. Gari liliyumba, mama akashika kiti kwa mikono miwili, watoto wakapiga mayowe. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu tulisimama kando ya barabara, wala hakuna aliyeumia. Tairi lenyewe lilikuwa jipya, halijatimiza miezi mitatu.

Nilikuwa tayari kumlaumu aliyeniuzia. Nilipoinama kulisoma, nikatambua kwamba lawama kubwa ilikuwa yangu. Dukani niliuliza kipimo, kisha nikauliza bei. Sikuuliza tairi lile linabeba uzito gani.

Tairi la zamani liliandikwa 185 R14C 102/100. Jipya liliandikwa 185/80 R14 91. Kwa macho ni kama mapacha: 185 ni upana kwa milimita, na 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Yote mawili huingia katika gari lile lile. Tofauti imo katika nambari ya mwisho, ambayo ni alama ya uzito. Nambari hiyo si kilo, bali husomwa katika jedwali ambalo muuza matairi anapaswa kuwa nalo. Alama ya 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. 102 ni kilo 850. Zikiandikwa mbili, ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake, na ya pili ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili kama nyuma ya lori. Herufi C huonyesha kwamba tairi limeundwa kwa magari ya kazi.

Tufanye hesabu. Matairi mawili ya nyuma yenye alama ya 91 yanaweza kubeba kilo 1,230 kwa jumla. Yenye 102 yanabeba kilo 1,700. Mimi nilipunguza karibu kilo 470 za uwezo nyuma ya gari, mahali pale pale nilipopakia mchele na masufuria, ili nibakishe fedha kidogo mfukoni.

Hata hivyo, uwezo huo hupatikana kwa upepo wa kutosha tu. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka; kujikunja huzaa joto, na joto hulegeza mpira hadi ukapasuka. Siku ile fundi wa panchari aliniuliza, “Tutie ngapi?” Nikamjibu 32 pande zote, kwa mazoea ya gari dogo.

Jibu sahihi limebandikwa kwenye gari lenyewe, aghalabu katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kibandiko huandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate kipimo cha geji zetu: 220 kPa ni takriban 32, na 350 kPa ni takriban 51. Angalia pia kama nyuma kumeandikwa tofauti na mbele. Nambari ya juu kabisa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni mpaka wa tairi hilo, si kiasi ambacho gari lako linahitaji.

Pima upepo asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Likishakwenda mbali, upepo wa ndani hupanda kwa joto. Usiupunguze, maana tairi likipoa utakuwa pungufu.

Mwisho, tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na jua la pwani halimhurumii. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno marefu na bado likawa limechoka.

Basi ndugu yangu, kabla hujaenda dukani, nakili kipimo chote kilichomo katika kibandiko au katika kitabu cha gari, pamoja na alama ya uzito. Usikubali alama iliyo chini ya hiyo, hata ukiambiwa “saizi ni ile ile.” Wazazi na watoto tunaowapakia ni amana mikononi mwetu. Mimi nimeshabadilisha matairi yote mawili ya nyuma, na safari ya kurudi kutoka Malindi nilipima upepo mwenyewe.