Gari Likizima Majini, Usipige Stata

Wenye magari, madereva, mafundi, na ninyi vijana mnaosimama kwenye maji mkisaidia magari kuvuka: masika yanakaribia, na nina ombi moja kwenu. Gari likizima ndani ya maji, mtu yeyote asipige stata. Hata ile ya "ngoja nijaribu mara moja tu" tuiache. Lisukumeni mpaka pakavu, liegesheni, aitwe fundi atoe plagi kwanza. Ufunguo usiguswe mpaka hapo.

Sababu yake iko ndani ya silinda. Injini ya petroli huvuta hewa, na pistoni inapopanda huibana hewa hiyo kwenye chumba kidogo kilichobaki juu, kisha plagi inatoa cheche. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Chukua Toyota IST yenye injini ya cc 1500, maana pale Dar es Salaam ukitupa jiwe huenda likaangukia mojawapo. Ina silinda nne, kila moja kama cc 375. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 40. Hizo hazijazi hata kikombe cha muuza kahawa wa barazani. Maji ya kiasi hicho yakiingia, pistoni inakosa pa kwenda huku krenki ikiendelea kuisukuma kutoka chini. Hapo kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono wa chuma unaobeba pistoni. Unapinda. Kwenye dizeli hali ni mbaya zaidi, kwa sababu injini hiyo hubana hewa kwa nguvu kubwa kuliko ya petroli na nafasi ya juu ya pistoni ni finyu zaidi.

Wala maji hayahitaji kufunika boneti ndipo yaingie. Mdomo wa kuvutia hewa kwenye magari mengi madogo uko mbele, karibu na taa. Dereva anaweza kuwa anakwenda polepole, maji yako chini ya bampa, mara lori linampita kwa fujo na wimbi lake linapanda hadi kwenye mdomo ule. Wenye malori na magari marefu, hapa tunawaomba kwa heshima: mkiwa majini punguzeni mwendo. Ninyi mtavuka, lakini mnamwacha mwenzenu nyuma amezimikiwa.

Kosa kubwa hutokea dakika chache baadaye, kwenye kutafuta ugonjwa. Gari haliwaki, na kila aliyepo anageuka fundi. "Betri hiyo!" Sasa sikiliza vizuri. Betri iliyoisha hufifisha taa za dashibodi, na stata hulia tak-tak-tak au huzunguka kwa kujivuta. Injini yenye maji hugonga mara moja, du!, kisha inagoma kabisa, na ukiachia ufunguo taa zinawaka vizuri kama kawaida. Ukisikia hivyo baada ya kupita majini, tatizo haliko kwenye betri. Lakini mara nyingi hakuna anayesikiliza. Zinaletwa waya, gari linabustiwa kutoka kwenye Fuso, na injini iliyokuwa inakataa inalazimishwa. Silinda tatu zinaweza kuwa kavu, moja ina maji. Zile kavu zikishika moto, nguvu yao yote inakwenda kuiponda ile ya nne. Kuliburuta gari la manyuali huku limetiwa gia ili liwake ni vilevile, na pengine ni vibaya zaidi. (La otomatiki hata usihangaike kulisukuma liwake. Kwa kawaida haliwaki hivyo.)

Na kuna balaa la gari linalowaka. Konrodi imepinda kidogo tu, injini inaunguruma, watu wanapiga makofi, mwenye gari anatoa chochote kwa vijana na kuondoka. Kuna mtetemo kidogo, kuna kugonga kwa mbali, anaongeza sauti ya redio. Wiki au miezi inapita. Siku moja yuko njiani kuelekea Chalinze, konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Atalaumu oili, atamlaumu fundi aliyefanya sevisi mwezi uliopita. Mvua ile hataikumbuka.

Kazi yenyewe ya kuliokoa gari haina uchawi. Fundi afungue ea klina: ikiwa imelowa, stata ni marufuku. Achomoe kijiti cha kupimia oili: oili iliyoingiwa na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Atoe plagi zote (kwenye dizeli, nozeli), azime koili na pampu ya petroli kwa kuchomoa fyuzi zake, kisha aizungushe injini kwa spana kwenye puli ya krenki. Ikizunguka bila kukwama, ndipo ipigwe stata ile ya kutoa maji, na watu wasimame mbali maana yanaruka kwa nguvu. Amwage oili, abadilishe filta, aangalie na ya giaboksi. Baada ya gari kuwaka, apime kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake, konrodi inashukiwa, na mwenye gari aambiwe ukweli siku hiyohiyo. Gharama ya yote haya haikaribii bei ya injini ya mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam.

Sasa niseme na mabosi. Dereva wa teksi anayepiga simu akiwa maji yamemfika magotini anajua hesabu ya jioni inamsubiri. Ukimjibu "jaribu tena, nina wateja," atajaribu tena. Mwambie aache. Msamehe hesabu ya siku hiyo.

Kuna la kuangalia kabla ya injini, nalo ni roho. Wengi wetu tunalijua Bonde la Jangwani: mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Nairobi nayo iliona yake Aprili na Mei 2024. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliondoa gari dogo barabarani. Kwa hiyo maji yakiwa yanapanda, shukeni, mshikane mikono, mliache gari. Na kama huoni lami chini ya maji, usiingie, hata kama aliyetangulia amevuka.

Kuhusu bima, angalia mkataba wako leo, kabla mawingu hayajatanda. Bima ndogo haitakulipia injini yako. Ukiwa na bima kubwa, uliza kama mafuriko yamo, na uliza wanasemaje juu ya mtu aliyeendelea kuwasha gari likiwa limejaa maji.

Anayeuza gari lililowahi kuzama amwambie mnunuzi. Nawe mnunuzi usione haya kukagua: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame kama una alama ya tope, inua kapeti unuse, angalia kutu chini ya viti, halafu omba kompresheni ipimwe ukiwa umesimama hapohapo. Muuzaji akikataa kipimo hicho, rudisha pesa mfukoni utafute gari jingine.