Mbegu si zawadi ya kampeni



Mvua ya Haut-Katanga haingojaka mtu. Mwezi wa kumi inaanza kutisha, mwezi wa kumi na moja inanyesha kweli, na mulimaji asiyekuwa na mbegu mu mikono siku hizo amepoteza mwaka mzima. Hapa kwetu hatuna misimu miwili ya mvua kama ndugu zetu wa Kivu. Ukikosea mara moja, njaa utaibeba mpaka mwaka unaofuata.

Msimu uliopita tulifika mu kijiji kimoja, njia ya Kasenga. Mama mmoja akatupeleka ku shamba lake. Alinunua mbegu za mahindi ku soko, zimepakwa rangi nyekundu sawa zile zenye dawa. Alilipa na makuta ya masomo ya mtoto. Mufuko haukuwa na etiketi, haukuwa na namba, wala jina la aliyezalisha, wala mwaka. Zikaota moja hapa, moja kule. Kumbe ilikuwa mahindi ya kula, wamepaka rangi tu. Mama akatuuliza: « Batoto yangu, nyinyi mulisoma. Mimi nitashitaki nani? » Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana leo tunaandika.

Tuseme kwanza kitu ambacho wakubwa hawapendi kusikia. Mulimaji wa Kongo si mvivu. Anaamka saa kumi na moja, analima na jembe la mkono, na mwisho wa msimu anavuna mara nyingi chini ya tani 1 ya mahindi ku hektari. Kwa mbegu nzuri, mbolea na palizi ya wakati, udongo uleule unaweza kutoa tani 3 na zaidi. Mbegu peke yake haifanyi yote, hiyo ni kweli. Lakini mbegu mbaya inaharibu yote: jasho, mbolea, mvua, na makuta ya deni.

Na hesabu yenyewe si kubwa. Hektari moja ya mahindi inaomba karibu kilo 25 za mbegu. Mwenye nusu hektari anahitaji kilo 12 ao 13 tu. Tunazungumzia mufuko ambao mama anaweza kubeba ku kichwa. Inchi yenye kuuza shaba na kobalti ku dunia nzima inashindwa kumufikishia mama mufuko huo mbele ya mvua?

Wengine watasema: mbegu ziko, zinatoka Zambia. Ndiyo, zinapita Kasumbalesa, na nyingine ni nzuri. Lakini nyingi ni hibridi. Hibridi inazaa sana mwaka wa kwanza. Ukipanda tena punje zake, mavuno yanashuka. Basi kila mwaka lazima urudi ku duka na dolari mu mkono. Na mwenye kuitegemea Zambia ameshaona somo lake. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, juu ya ukame, Rais wa Zambia alitangaza hali ya maafa, na mahindi ya kule yakafungiwa mpaka. Lubumbashi, mji wa mamilioni ya watu, ilitetemeka juu ya bunga. Jirani hana kosa: anakulisha kwanza watoto wake. Kosa ni letu.

Tena serikali haianzi na mikono mitupu. Tuko na INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo, mrithi wa INEAC ya 1933. Iko na kituo Yangambi, Mulungu, Gandajika, na hapa karibu yetu, Kipopo. Tuko na SENASEM, ambayo kazi yake ni kupima mbegu na kuzitolea cheti. Tuko na Fakulte ya Agronomia ya Lubumbashi, ambayo hata ilitoa aina ya mahindi inayoitwa Unilu. Hiyo si hibridi: mulimaji akichagua vizuri masuke ya katikati ya shamba, anaweza kuipanda tena misimu miwili ao mitatu.

Basi kinakosa nini? Kinakosa daraja. Mtafiti anatoa mbegu mama, kilo chache. Lazima mtu azizidishe mara ya kwanza, halafu mara ya pili, halafu mara ya tatu, mpaka zikuwe tani. Lazima zikaushwe, zisafishwe, zipimwe, ziwekwe mu mifuko ya kilo 2, kilo 5, kilo 10, na zifike Pweto na Mitwaba mbele ya barabara kukatika. Mfanyabiashara wa kwetu hapendi kazi hiyo, juu mbegu ambayo mulimaji anaweza kupanda tena haimupatie faida ya kila mwaka. Kama soko haliendi kule, serikali ndiyo iende. Ndiyo maana tunaomba kampuni ya mbegu ya serikali, ya mukoa, yenye kazi moja tu: kuzalisha na kufikisha mbegu.

Si ndoto. Kenya iko na Kenya Seed Company, ilianza Kitale mwaka 1956, na serikali ndiyo iko na sehemu kubwa. Tanzania iliunda Wakala wa Mbegu za Kilimo mwaka 2006. Tuliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tusijifunze kwa majirani namna ya kulipa ushuru tu.

Tunasikia tayari swali lenu: « Serikali hii? Bukanga Lonzo mulisahau? » Hatukusahau. Mwaka 2014 walitufungulia shamba kubwa kwa ngoma na kamera, mwaka 2017 lilikuwa limesimama, na mwaka 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu waziri mkuu wa zamani juu ya makuta ya mradi huo. Swali lenu ni la haki. Lakini Bukanga Lonzo haitufundishi kwamba serikali isifanye kitu. Inatufundisha kwamba mradi wa mabilioni usiokuwa na macho ya raia unakuwa chakula cha wakubwa. Basi tuanze na kidogo, na macho yakuwe mengi.

Na makuta yatatoka wapi? Kodi ya mines inayoitwa redevance, Code minier ya 2018 iliigawa wazi: 50 % kwa serikali ya kati, 25 % kwa mukoa, 15 % kwa sheferi, sekta ao muji penye mine, na 10 % kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Sehemu ndogo ya ile 25 % na ile 15 % inatosha kuanzisha kazi. Kule Maputo, mwaka 2003, viongozi wa Afrika waliahidi 10 % ya bajeti kwa kilimo. Sheria yetu ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 iliahidi Mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Rais mwenyewe anasemaka juu ya kisasi cha udongo juu ya madini. Udongo hauwezi kulipa kisasi bila mbegu.

Kwa hiyo tunaomba Guverneri, wadepite wa mukoa na Waziri wa kilimo mambo haya:

1. Kampuni ya mbegu ya mukoa ianze na mahindi na maharagwe, pamoja na vijiti vya mihogo visivyokuwa na mozaiki. Walimaji wenyewe, sana sana vikundi vya wamama, wapewe mkataba wa kuzidisha mbegu na walipwe.

2. SENASEM ipime, isiuze. Mwenye kuuza hawezi kujipigia alama mwenyewe.

3. Mbegu iuzwe kwa bei ndogo, isigawiwe bure mu kampeni na picha ya mtu ku mufuko. Mbegu za zawadi zinafikaka wakati wa kura. Mvua haifuati kalandari ya kura.

4. Mifuko yote ifike mu territoire zote sita mbele ya tarehe 15 mwezi wa kumi, na hesabu zibandikwe ku ofisi za sheferi, kwa Kiswahili.

5. Vijana waliosoma agronomia waajiriwe kuwa wapimaji na wafundishaji. Wengi wetu tunauza yuniti za simu ku kona, na diploma iko mu sanduku, na huku wanatuambia hakuna watu wa kukagua mashamba.

6. Sheria yoyote ya mbegu isimufunge mama anayehifadhi mbegu zake za maharagwe na kubadilishana na jirani. Mbegu za wazazi wetu si wizi.

Na wewe mulimaji, usingoje serikali ndiyo ujilinde. Mbele ya kupanda, hesabu punje 100, zifunge mu kitambaa chenye maji, kisikauke, ngoja siku saba. Zikiota chini ya 80, usizipande: rudisha, omba makuta yako, na utujulishe. Usinunue mufuko usiokuwa na etiketi. Na mbegu zenye rangi ya dawa usizile, hata njaa ikuwe namna gani.

Siku za mbele tutapita mu masoko, tutahesabu mifuko yenye etiketi na isiyokuwa nayo, na majibu tutayapeleka ku Asemble ya mukoa. Bila mawe, bila matusi, lakini bila kuchoka.

Mama wa njia ya Kasenga atalima tena mwaka huu. Safari hii akituuliza nani atajibu juu ya shamba lake, tunataka tumuonyeshe mlango wa ofisi.

Mbegu kwanza, diskuru baadaye!